Fungu la Mizani

Wanawake wengine hubeba kwenye mkoba kioo, leso na peremende za kumnyamazisha mtoto. Wifi yangu hubeba mizani. Ni ile ndogo ya kuning'iniza, ya chuma, yenye pete juu na ndoano chini, na ndiyo iliyompa jina. Mtaa mzima humwita Mizani. Hata mkuu wake wa kazi, akiwa na haraka, husahau jina lililoandikwa kwenye faili. Mimi nimeolewa na mdogo wake, ndugu yake wa pekee, kwa hiyo yeye ni wifi yangu, na anayejua mawifi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi yake ni kukusanya bei. Ofisi ya takwimu ya mji wetu inamlipa mshahara ili azunguke masokoni na madukani mara mbili kwa mwezi, aulize sabuni bei gani, nauli bei gani, kodi ya chumba bei gani, aandike, apeleke. Huu ni mwaka wa ishirini na moja. Redio ikitangaza kwamba gharama za maisha zimepanda au zimeshuka, yeye hunyoosha kidole kwenye redio na kusema, "Hiyo yangu hiyo," utadhani kaimba.

Vitu vya kilo na lita havimpi shida. Vinavyompa raha ni vile vya fungu. Nyanya, vitunguu, viazi, karoti, huku kwetu vyote hupangwa mezani kwa mafungu, na muuzaji mwenye akili hapandishi bei, hupunguza fungu. Mwezi huu nyanya tisa, mwezi ujao nane, hela ile ile, na wateja wanasema afadhali bei haijapanda. "Imepanda," Mizani husema, "ila imepandia mlango wa nyuma." Ndiyo maana ananunua fungu, analitia kwenye mfuko, analitundika kwenye ndoano na kuandika gramu. Kwa hilo nampa heshima yake. Sijaona mtu anayefanya kazi yake kwa makini kama yule.

Ubaya ni kwamba kazi yake haikuishia ofisini, iliingia mpaka jikoni kwangu. Mume wangu anamwamini dada yake kuliko anavyoiamini kalenda. Tangu anioe, miaka kumi na miwili sasa, hela ya matumizi hupangwa kwa namba za Mizani: watu watano, nyanya kiasi hiki, viazi kiasi hiki, mafuta kiasi hiki. "Inatosha, na chenji itabaki," husema dada mtu. Haijawahi kutosha hata mwezi mmoja. Ikifika tarehe ishirini maji yamezidi unga, na mimi naziba pengo kwa hela ya cherehani yangu, maana nashona mapazia. Nilishasema. Nilisema mwaka wa kwanza, nikasema wa pili. Mizani alikuwa akija, anachungulia kapu langu na kucheka. "Umepunjwa tena, wifi. Wewe hujui kununua." Na mume wangu, kwa sauti yake ya upole: "Mama watoto, uwe unamuuliza dada anavyonunua." Nimeitwa mfujaji kwa upole miaka yote hiyo. Mtu akikufokea na wewe unamfokea. Akikuambia kwa upole unabaki nalo rohoni.

Basi, mwaka huu ikaja barua. Mume wangu ni fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha maziwa, na kiwanda kilitaka akasimamie karakana yao ya jijini, safari ya kutwa nzima kwa basi kutoka kwetu. Mshahara ungepanda kwa ishirini katika kila mia. Majibu yatolewe ndani ya wiki mbili, mwisho Ijumaa.

Mimi nilitaka twende, na sababu yangu ilikuwa madirisha. Jijini kuna majengo ya ghorofa kumi na mbili, na kila dirisha lina mtu nyuma yake asiyetaka kuchunguliwa. Mji wetu mtu anabadilisha mapazia mara mbili maishani: anapooa na anapotarajia wakwe. Nilikuwa nimefika mwisho wa wateja. Kila aliyehitaji pazia nilishamshonea, na mapazia yangu, kwa bahati mbaya yangu mwenyewe, hayachakai.

Mume wangu alisoma barua mara mbili, akaikunja. "Tumpe dada apime maisha ya kule na ya hapa," akasema.

Nilimwambia ofisi ya dada yake si ina namba za miji yote? Mizani mwenyewe akanijibu, "Zipo. Lakini sijui nani alizipima, wala kama alipima." Akachukua likizo, akalipa nauli kwa hela yake, akapanda basi. Siku nne alizunguka jiji la watu peke yake, kapu mkononi, akilala nyumba ya wageni. Alirudi Jumamosi miguu imevimba na daftari limejaa. Mwanamke wa miaka hamsini na sita. Hapo napo nampa heshima yake.

Jumapili baada ya chakula akatusomea. Alianza na kodi ya nyumba, akaja nauli, akaja maji, akaja chakula, fungu kwa fungu. Fungu la nyanya la jijini, hela ile ile tunayotoa huku, lilikuwa dogo mno. Alilitaja kwa kubinya midomo kama aliyeonja ndimu. Kisha akafunga daftari.

"Jiji ni ghali kuliko hapa kwa ishirini na saba katika kila mia," akasema. "Wao wanakuongezea ishirini. Mdogo wangu, hao wanakuhamisha ili wakupunguzie mshahara."

Mume wangu akashusha pumzi. "Basi nitawaandikia kwamba nabaki."

Hakunitazama. Nilikuwa nimesimama pale na birika la chai, nikimmiminia yeye.

"Na mimi?" nikauliza.

"Na wewe nini, mama watoto?"

"Mimi siulizwi? Mapazia yangu hayamo kwenye hiyo hesabu?"

Mizani ndiye aliyejibu. "Wifi, usikasirike. Kama watu watano wanakushinda kulisha hapa penye unafuu, kule si utauza hadi cherehani?"

Niliweka birika chini polepole, maana ningeliweka kwa haraka lingemwagika mahali pabaya. Nikatoka nje. Nilikuwa na hasira ya kutafuna jiwe.

Jumatatu asubuhi nilichukua karatasi Mizani aliyomwachia mume wangu, ile ya bei za mji wetu. Iliandikwa vizuri, kila kitu na muuzaji wake na gramu zake. Nikaenda sokoni kwake, kwenye meza zake, nikanunua kila kitu kama kilivyoandikwa, fungu kwa fungu, hela kwa hela. Sikuongeza wala kupunguza. Jioni alipopita kutoka kazini nikamwaga kapu juu ya meza ya jikoni.

"Pima," nikamwambia.

Akatoa mizani huku anatabasamu. Fungu la kwanza la nyanya: gramu mia saba. Karatasi yake ilisema mia tisa.

"Umepunjwa," akasema, na kicheko kikaanza.

Fungu la pili, mia saba na kumi. La tatu, mia sita na tisini. Vitunguu navyo vimepungua, karibu robo. Viazi vivyo hivyo. Kicheko kikaanza kupungua pamoja na gramu.

"Umenunua kwa nani?"

"Kwa Mama Pacha. Meza ya tatu ukiingia mlango wa bombani. Muuzaji wako huyo."

"Haiwezekani. Mama Pacha hapunji mtu."

"Nimenunua mwenyewe, na gramu ndizo hizo," nikasema. "Nyani haoni kundule, wifi."

Nakiri nililisema kwa raha. Lilikuwa limenikaa kooni miaka kumi na miwili.

Mizani hakukasirika, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa kidogo. Aligeuza ile mizani, akaikagua sindano, akachukua rafuni pakiti ya sukari ya kilo moja na kuitundika. Kilo moja kamili. "Kesho asubuhi twende wote," akasema. "Lakini wewe tangulia. Usiseme kama tuko pamoja."

Tukafanya hivyo. Nilifika kwa Mama Pacha mapema, nikanunua fungu moja, nikajificha nyuma ya magunia ya mkaa kama mdaiwa aliyemwona mdai. Nikasubiri. Mizani akatokea mlango wa bombani, mkoba begani, anatembea kwa mwendo wake ule wa kuhesabu hatua.

Kabla hajafika hata meza ya kwanza, muuza vitunguu akasema kwa sauti ya chini, "Mizani huyo."

Niliona kwa macho yangu. Neno lilikwenda meza hadi meza, na mikono ikaanza kazi. Mama Pacha aliinama chini ya meza, akatoa nyanya mbili nene, akazikalisha juu ya fungu la mbele. Jirani yake akabadilisha viazi, akaondoa vidogo akaweka vikubwa. Muuza karoti akaongeza moja, akasita, akaongeza ya pili. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kupiga chafya. Mizani alipofika, watu wanapepea nzi na kutazama angani.

"Karibu, shangazi," akasema Mama Pacha.

Nikatoka mafichoni. "Usiguse kitu!" nikasema, na nusu ya soko ikageuka.

Mizani akapima pale pale, mbele ya watu. Fungu lake, mia tisa. Fungu langu, mia saba. Hela ile ile, meza ile ile, asubuhi ile ile.

"Mama Pacha," akasema taratibu, "kwa nini mimi unanipa hivi na huyu unampa vile?"

Nilidhani Mama Pacha ataona haya. Wapi! Alishangaa kabisa kuulizwa. "Sasa shangazi, wewe nikuuzie kama mpita njia? Wewe si ndiye unayetuandika? Isije ikatangazwa redioni kwamba soko letu linapunja watu. Tena huyo wifi yako simpunji, fungu lake ndilo fungu la kila mtu. Lako ndilo lenye nyongeza."

"Tangu lini?"

"Mimi nimekuta hivyo. Marehemu mama aliniachia meza, mwavuli na neno moja: yule wa mizani ni mtu wetu, umjaze."

Muuza viazi akadakia, "Hata mimi nilirithi hivyo hivyo, mama," na akalisema kwa fahari kubwa.

Mizani akatafuta mahali pa kukaa. Lilikuwepo kreti tupu limepinduliwa, akakalia hilo. Mimi nilikuwa nimesubiri siku hiyo kwa hamu, na sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilifurahi sana. Nilitaka kuwaita majirani wote mmoja mmoja. Halafu nikaona mikono yake inavyohangaika na ile ndoano, inaifungua na kuifunga, na furaha yangu ikapungua bila mimi kuiruhusu.

"Miaka ishirini na moja," akasema, "nilidhani napima nyanya. Kumbe nilikuwa napima heshima yangu."

"Wifi, inuka, watu wanatutazama."

"Waache watazame." Akainuka, akakung'uta sketi. "Una kazi gani leo na kesho?"

"Nina mapazia ya zahanati."

"Yatasubiri. Nakuazima. Wewe ndiye ninayekuhitaji, maana hakuna mtu mjini hapa anayekupa kitu cha bure."

Hiyo kwa Mizani ilikuwa sifa, na niliipokea hivyo.

Siku mbili tulizunguka masoko manne. Mimi nanunua, yeye amejificha: mara kwa fundi viatu, mara nyuma ya lori la kabichi, mara kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi, akionekana zaidi kuliko kama asingejifunika. Nikirudi ananing'iniza fungu na kuandika. Tuligombana mara tatu. Mara ya kwanza nilimwomba muuzaji nyongeza, kwa mazoea tu, akanifokea kwamba nimeharibu namba. Mara ya pili nilicheka na muuza maharage. "Usiwachekee! Ukicheka watakuongezea!" Mara ya tatu sikumbuki, ila nakumbuka kwamba tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za benki tunakula embe moja kwa zamu, na kwamba katika miaka yote ile hatukuwahi kukaa hivyo, mimi na yeye.

Jumatano alasiri akapiga hesabu upya. Kodi na nauli zilibaki zilivyokuwa, na namba zote za jijini pia, maana kule hakuna anayemjua. Chakula cha mji wetu ndicho kilichopanda, na chakula kwetu ni nusu ya matumizi. Alirudia mara mbili. Jiji bado lilikuwa ghali kuliko hapa, lakini si kwa ishirini na saba tena. Kwa kumi na moja.

Tukatazamana. Kumi na moja, na mwajiri anatoa ishirini. Alijua, na mimi nilijua alichokijua. Nyumba yake iko nyuma ya yetu, na kila jioni ya maisha yake huipitisha kwetu. Hakuolewa, hakuzaa, na mdogo wake ndiye mtu wake wote duniani. Daftari alikuwa nalo yeye. Hiyo kumi na moja tuliijua sisi wawili tu, na mimi neno langu juu ya bei lilikuwa halina uzito tangu nilipoolewa. Angetaka, angelifunga daftari na Ijumaa ingepita.

Alhamisi asubuhi akaniambia nimsindikize ofisini niwe shahidi. Mkuu wake alisoma barua ambayo Mizani alieleza yote ya sokoni, akavua miwani.

"Mama, nani ameuliza habari hizi?"

"Hakuna aliyeuliza, mkuu. Ndiyo maana nimeandika."

"Unajua wanaweza kusema bei zetu za miaka ishirini ni takataka?"

"Si takataka. Ni bei sahihi kabisa za mtu mmoja," akasema Mizani. "Sasa zitafutwe za wengine. Anayenunua awe mtu asiyejulikana, na abadilishwe kila mwaka. Nimeandika ukurasa wa pili jinsi ya kufanya."

Mkuu akafungua ukurasa wa pili, akaanza kusoma, na baada ya muda akachukua kalamu na kupiga mistari chini ya maneno. Tukatoka. Mizani alitembea mbele yangu kifua mbele, na ilinibidi nikimbie kidogo kumfuata.

Alasiri mume wangu aliporudi kutoka kazini alimkuta dada yake sebuleni amesimama. Mimi nilikuwa nimekaa. Kwa kawaida inakuwa kinyume chake.

"Kaa," akamwambia. "Nina neno, na ukinikatiza sitaweza kulimaliza."

Akamweleza yote: Mama Pacha, nyanya mbili juu ya fungu, kumi na moja badala ya ishirini na saba. Mume wangu alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo mkeo hakuwahi kupunjwa," Mizani akaendelea. "Alinunua kwa bei ya mji huu. Mimi ndiye niliyenunua kwa bei ambayo haipo. Nikakupa wewe hiyo bei, na wewe ukampa yeye hela ya bei hiyo, miaka kumi na miwili. Mapazia ndiyo yaliyotulisha, maana na mimi nakula hapa." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti haikutikisika. "Wifi, nilikukosea. Nisamehe."

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miaka. Yalikuwa makali na yamepangika. Yakaisha yote, nikabaki kusema, "Yamepita, wifi."

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyegundua mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Mama watoto, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

Nilimwona anarudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka, na kila mwaka anaokwenda ananikuta pale nikimwambia. Akainamisha kichwa. Kisha, kwa mazoea tu, maana mazoea yana taabu, akamgeukia dada yake. "Sasa, dada, tufanyeje? Twende au tubaki?"

Mizani alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Unaniuliza mimi tena?" akasema. "Muulize anayenunua." Akatoka.

Mume wangu akaichukua ile barua ya kiwanda mezani, akaikunjua, akaja kukaa karibu nami badala ya kunisubiri nimfuate alipo.

"Mke wangu," akasema, "wewe unaonaje?"

"Andika tunakwenda," nikamwambia. "Andika sasa hivi."

Akachukua kalamu. Alikuwa hajamaliza mstari wa kwanza tuliposikia sauti kutoka nje, kali kama siku zote: "Na uwaambie kodi ya miezi mitatu ya mwanzo walipe wao! Nyumba za kule ni moto!"

Akaongeza hilo kwenye barua. Mimi nikaenda kuchungulia. Mizani alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa ameketi kwenye ngazi yetu ya mbele, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, analia wazi wazi bila hata kujifuta. Nikakaa kando yake, nikakichukua kile kiatu, nikamvisha.